Chuo, Chombo na Dago: Mtu na Jamii katika Upokezi wa Mahubiri ya Maandishi na Redio Pemba, kwa Kuangalia Kojani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mtu na jamii yake katika historia ya mahubiri ya Kikristo yaliyotolewa kwa Kiswahili katika visiwa vya Unguja na Pemba, kwanza kwa maandishi na baadaye kwa redio na kaseti. Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo ni Kojani, kisiwa kidogo kilicho kaskazini-mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete, kinachotengwa na kisiwa kikubwa na mkondo mwembamba wa bahari.

Uchaguzi huu unahitaji kuelezwa, kwa kuwa wakaazi wa Kojani ni Waislamu na vituo vya misheni vya Pemba vilijengwa kwingine. Hata hivyo, historia ya uenezaji wa dini imezoea kuandikwa kutoka mahali neno lilipopokelewa. Ni mara chache kuulizwa kwa nini neno hilohilo, likiwa katika lugha ileile na kwa chapa ileile, lilipata wasikilizaji mahali pamoja na kupita kando mahali pengine palipo mwendo wa siku moja tu. Kojani inatoa nafasi ya kuuliza swali hilo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo cha habari hakimfikii mtu aliye peke yake, hata kinapomkusudia yeye peke yake. Humfikia mtu ambaye tayari ana watu, au mtu anayewatafuta. Kwa hiyo swali la nani alisoma au nani alisikia haliwezi kujibiwa bila ya kuuliza alisoma pamoja na nani.

2.0 Kojani: mtu ndani ya chombo

Kojani haina mashamba makubwa ya karafuu kama yale ya upande wa magharibi wa Pemba. Riziki ya watu wake ni bahari, na jina la Mkojani limejulikana katika mwambao wa Afrika ya Mashariki kwa sababu ya uvuvi. Msimu unaporuhusu, wanaume huondoka kwenda dago: hupiga kambi za muda Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mafia na katika pwani ya Kenya, kisha hurejea upepo unapogeuka.

Uvuvi wa namna hii una mafunzo yake juu ya mtu na jamii. Juya halivutwi na mtu mmoja. Pato likipatikana, gharama hutolewa kwanza, mwenye chombo na mwenye nyavu hupata mafungu yao, na kilichobaki hugawanywa baina ya wavuvi. Mgonjwa na mjane huko nyumbani nao huhesabiwa, ingawa hawakutia mguu majini. Lakini isidhaniwe kwamba ndani ya umoja huo mtu hupotea. Mzamiaji hujulikana kwa pumzi zake, na nahodha kwa elimu yake ya nyota, maji na miamba. Sifa ya mtu mmoja hutambuliwa kwa sababu wapo wenziwe wanaoitegemea. Mzamiaji asiye na chombo hana wa kumsifu pumzi.

Mafunzo ya dini yanauthibitisha mpango huo. Fikihi inayosomeshwa pwani hugawa wajibu katika mafungu mawili: faradhi aini, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, kama vile sala tano, na faradhi kifaya, inayoilazimu jamii yote, ambayo wakiitimiza baadhi ya watu huwaondokea wengine, na wote wakiiacha huwa wote wamekosa. Mfano maarufu wa faradhi kifaya ni kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika maiti. Katika jamii ya wavuvi jambo hili si la vitabuni tu. Bahari humtupa mtu katika pwani asiyozaliwa, na kuzikwa kwake hutegemea kwamba watu wa huko watamhesabu kuwa mwenzao. Mtu husali kwa nafsi yake, lakini hajiziki.

Dago nalo huonesha kwamba jamii haifungwi na mahali. Wapo waliokwenda dago wasirudi, na vizazi vyao vimekaa katika pwani ya Kenya kwa miaka mingi vikijulikana kwa jina la Wapemba, bila ya uraia uliothibitishwa. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho. Kwa muda wote huo kilichowaweka pamoja kilikuwa lugha, kazi, msikiti na ndoa. Huu ndio usuli wa msikilizaji ambaye mahubiri yalimkuta.

3.0 Chuo: kitabu na mkusanyiko

Kiswahili cha kale kilikuwa na neno moja, *chuo*, kwa maana ya kitabu na kwa maana ya mahali watoto wanaposomeshwa Kurani. Mwanachuoni ni mtu wa elimu, na elimu yake ni ya vitabu na ya kukaa mbele ya mwalimu kwa pamoja. Maana hizi mbili kukutana katika neno moja si jambo la bahati tu. Katika desturi ya pwani kitabu hakikusomwa faraghani na kuamuliwa na msomaji. Kilisomwa kwa sauti mbele ya aliyekwisha kukisoma, naye alikuwa amekipokea kwa mwalimu wake. Idhini ya kukifasiri ilipita katika mlolongo wa watu.

Tungo za pwani zilikuwa na maisha kama hayo. Utenzi na shairi viliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini vilihifadhiwa kwa kuimbwa na kughaniwa mbele ya hadhira. Jina la mtunzi lilitajwa, mara nyingi katika beti za mwisho, na umahiri wake ulisifiwa. Pamoja na hayo, shairi lilikuwa mali ya baraza. Hapa tena mtu na jamii hawakugombana: mmoja alitunga, wengi wakahukumu.

Desturi hii ndiyo iliyokuwa na nguvu Kojani kama ilivyokuwa katika vijiji vingine vya Pemba. Mtoto aliyejua herufi alizijua za chuoni, na alizijua pamoja na wenzake wa chuo kimoja.

4.0 Kitabu cha misheni na watu wasio na jamaa

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi kuwa UMCA, ilifika Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer akifuatana na Edward Steere. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wavulana waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa misheni na Sultani Majid. Chapa ilianza kazi mapema, na wanafunzi wenyewe walifundishwa kupanga herufi. Steere alitoa tafsiri ya Injili ya Mathayo mwaka 1869, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikakamilika mwaka 1891.

Maandishi haya yalichukua mtazamo fulani juu ya msomaji. Kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kilatini, chenye nakala nyingi zilizo sawa, kinaweza kusomwa na mtu peke yake bila ya mwalimu, na wito wa Injili ulimtaka mtu huyo aamue kwa nafsi yake. Lakini wasomaji halisi wa kwanza hawakuwa watu waliojitenga na jamaa zao ili waamue. Walikuwa watu ambao jamaa zao walikwisha kunyang'anywa. Kitabu hakikuwatoa katika jamii, kiliwapa moja. Neno *ndugu*, ambalo kwa Mswahili lilikuwa na maana ya nasaba, katika matumizi ya misheni lilimwita mtu asiye na nasaba inayojulikana. Kwa mtu wa namna hiyo uzito wa neno hilo ulikuwa mkubwa kuliko mahubiri yoyote.

Gazeti la *Msimulizi*, lililoanza kutolewa Kiungani mwaka 1888, linaeleza zaidi jambo hili. Waandishi wake walikuwa wanafunzi wa misheni na walimu waliokwisha kupelekwa vituo vya mbali, na yaliyomo yalikuwa habari za vituo: nani amefika, nani ameoa, nani amefariki, mchezo gani umechezwa. Kwa sura ya nje lilikuwa chombo cha uenezaji wa dini. Kwa kazi yake halisi lilikuwa baraza la watu waliotawanyika, na lilifanya kwao kazi ambayo salamu za wapitao baharini ziliwafanyia watu wa dago.

Pemba nayo ilipata misheni baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hali ya kisheria ya utumwa. UMCA ilijenga kituo Weti. Wakristo wa madhehebu ya Marafiki kutoka Uingereza walinunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, wakaanzisha misheni ya kazi iliyoongozwa na Theodore Burtt. Walioachiwa huru walifanya kazi kwa ujira, wakapata makao na mafunzo ya kusoma.

Ibada ya Marafiki inastahili kuangaliwa kwa makini katika mjadala huu. Kwa desturi yao ya asili watu huketi kimya, bila ya kasisi, na kila mmoja huingojea nuru ndani ya nafsi yake. Anayejiona ameitwa kusema husimama akasema. Lakini mambo ya jumuiya hayaamuliwi na mmoja wala kwa wingi wa kura, bali kwa kungojeana mpaka rai ikutane. Ni mpango unaompa mtu uhuru mkubwa wa ndani na kumdai subira kubwa kwa wenziwe. Msikilizaji wa Pemba aliyezoea mashauri ya wazee asingeuona kuwa mgeni kabisa.

Pamoja na hayo, walioingia misheni walikuwa wachache. Wengi wa walioachiwa huru walibaki katika mashamba wakiwa wakulima wa makubaliano na mabwana wao wa zamani, au walihama wakaishi miongoni mwa Waislamu wenzao. Haitoshi kusema kwamba hawakusikia mahubiri. Uislamu ulikuwa umewapa tayari msikiti, mazishi na majina, na jamii ya kuingia ilikuwapo mlangoni. Misheni iliwataka waingie katika jamii mpya iliyokuwa ndogo, yenye masharti yake ya ndoa na mwenendo, na iliyosimama juu ya ardhi ya wageni. Walioingia walikuwa hasa wale ambao mlango mwingine haukuwafungukia, au waliouona mlango huu kuwa wa heshima zaidi.

Kwa kulinganisha, mvuvi wa Kojani hakuwa na pengo ambalo kitabu kingeliziba. Aliyekuwa na chombo, chuo, msikiti na makaburi ya wazee wake hakuitwa aongeze kitu bali aache kila kitu. Wito uliokuwa na maana ya kupata jamaa kwa mtu wa Banani ulikuwa na maana ya kupoteza jamaa kwa mtu wa Kojani. Maneno yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa ya msikilizaji.

5.0 Kitabu kinapojibiwa

Baadhi ya wamisheni waliutambua ugumu huu. W. E. Taylor wa CMS, Mombasa, ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alihifadhi tungo za Muyaka, alijaribu kuhubiri kwa mizani ya mashairi ya Waswahili. Aliona kwamba neno halina budi kuingia kwa mlango ambao jamii yenyewe huutumia. Lakini mlango wa shairi una sheria yake: aingiaye hujibiwa. Jamii inayolipokea shairi hulipokea ili ilihukumu.

Sheria hiyo ilionekana wazi zaidi katika suala la tafsiri ya Kurani. Mwaka 1923 Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, pamoja na maelezo, kwa manufaa ya walimu wa Kikristo waliokutana na Waislamu katika mabishano. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Ahmadiyya iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha tafsiri yake, *Qurani Takatifu*, mwaka 1969, na hakuficha kwamba miongoni mwa makusudio yake ni kuonesha makosa ya tafsiri zilizotangulia.

Tukio hili lina maana pana kuliko ushindani wa dini. Dale alikitoa kitabu katika chuo, kwa maana ya mkusanyiko, akakiweka mkononi mwa msomaji wa faragha. Al-Farsy alilikubali umbo jipya la kitabu kilichochapwa, lakini alikirejesha chini ya uangalizi wa elimu iliyopokelewa kwa walimu. Chapa, iliyoletwa kumfikia mtu mmojammoja, ikawa njia ya jamii nzima kujisomea na kujitetea. Aliyetaka kusema na Waislamu mmojammoja alijibiwa na wote.

Upo upande wa lugha usiofaa kuachwa. Kiswahili cha vitabu vya misheni ya Unguja kilikuwa kimojawapo ya misingi ya usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Lahaja ya Kipemba, ambayo Kojani ni moja ya ngome zake, haikuingia katika vitabu hivyo. W. H. Whiteley aliitolea lahaja hiyo na tungo zake uchunguzi mwaka 1958, lakini maandishi ya dini, ya shule na ya serikali yaliendelea kusema kwa lugha sanifu. Lugha sanifu ina faida isiyopingika ya kuwafikia wengi. Gharama yake ni kwamba huwafikia wengi bila ya kusema kama wao. Kwa mtu wa Kojani, kitabu cha Kikristo na gazeti la serikali vyote viwili vilikuwa na sauti ya mjini.

6.0 Redio, kaseti na simu

Redio ilidhaniwa kuwa ingemaliza ugumu wa herufi. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Kuanzia mwaka 1963 kituo cha Kilutheri cha Addis Ababa, kilichojulikana kwa Kiswahili kuwa Sauti ya Injili, kilirusha matangazo kwa lugha kadhaa za Afrika, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Kituo hicho kilitaifishwa na Serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua njia kwa vituo visivyo vya serikali Tanzania, redio za madhehebu mbalimbali, ya Kikristo na ya Kiislamu, zilianzishwa.

Redio ya miaka ya mwanzo ilikuwa chombo cha pamoja. Redio moja ilisikilizwa na watu wengi, barazani au katika mkahawa, na kila kauli ilifuatwa na maneno ya waliokuwapo. Mhubiri wa Moshi au Addis Ababa alisema na nafsi ya msikilizaji. Msikilizaji alisikia akiwa na bega la mwenzake. Kaseti za miaka ya 1980 zilikuwa na mwenendo huohuo. Mahubiri ya mikutano ya Injili, na kwa upande wa pili mihadhara ya Waislamu walioisoma Biblia ili kubishana kwayo, yalinakiliwa, yakaazimwa na kusafirishwa hadi yasikotarajiwa. Katika mihadhara mingi kila upande ulizungumza juu ya mwingine mbele ya watu wake wenyewe. Kwa kweli kaseti hizo ziliwaimarisha waliokwisha kuamini zaidi kuliko zilivyowageuza wasioamini, na pengine ziliongeza ukali baina ya majirani.

Simu ya mkononi imeleta hali nyingine. Sasa kijana aliye dago anaweza kulisikiliza neno akiwa ameliweka sikioni mwake, na aliyelala ubavuni mwake asijue ni la nani. Msomaji wa faragha aliyekusudiwa na chapa ya karne ya 19 ndiye msikilizaji halisi wa leo. Hapa sheria nayo ina la kusema. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, inaitambua imani, ibada na uenezaji wa dini kuwa mambo huru yaliyo katika hiari ya mtu binafsi, na Ibara ya 30 inaagiza kwamba haki za mmoja zisitumiwe kwa kuingilia haki za wengine. Sheria imeweka mizani, lakini inayoishika ni jamii.

Uhuru huo ni wa thamani na jamii isiyouheshimu hudhulumu. Mtu akilazimishwa kubaki katika imani, kubaki kwake si ibada. Wakati huohuo anayehubiri kupitia chombo kisichoona uso wa msikilizaji anabeba dhamana asiyoiona. Kijana akikubali neno usiku huu, kesho atashuka katika chombo kilekile, na fungu lake litategemea watu walewale. Redio haitamposea mke, haitamwuguza, wala haitamzika.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba maandishi ya misheni yalimkusudia msomaji mmoja, lakini yalifaulu pale yalipojenga jumuiya kwa watu walionyang'anywa ya kwao. Imeelezwa pia kwamba Kojani, pamoja na kuwa lugha ya mahubiri ilieleweka huko, haikuwa na nafasi ya jumuiya hiyo. Tafsiri za Kurani zimeonesha jinsi jamii inavyokichukua chombo kilichokusudiwa kwa mtu mmoja na kukifanya chake. Redio na kaseti zilifuata njia hiyo, na simu imeanza kuiacha.

Funzo linalopatikana haliwahusu Wakristo peke yao. Waenezaji wa dini yoyote wanaotumia vyombo vya habari hupenda kuhesabu waliosikia. Kojani inafundisha hesabu nyingine: ya waliosimama pamoja na aliyesikia, kabla ya kulipokea neno na baada yake. Nayo jamii, kwa upande wake, haina budi kukumbuka kwamba faradhi kifaya haiondoi faradhi aini. Jamii inayojua kumzika mtu wake inapaswa pia kujua kumwacha, angali hai, ajibu kwa nafsi yake lile ambalo hakuna awezaye kumjibia.